Wano: Tarehe ya Mti wa Mshale katika Pwani ya Kusini

Asafiriye kutoka Likoni kuelekea Lunga Lunga, akishauvuka mto Ramisi na kuiacha njia kuu akashika upande wa baharini, hufika Majoreni, mahali ambapo bara na bahari hazikuwekeana mpaka ulionyooka: mikoko imeingia ndani kwa vijito vya maji ya chumvi, na minazi na mikanju imeshuka hata karibu na matope. Watu wa upande huu, tangu Shimoni hata Vanga, wameishi zama zote kwa mkono mmoja wa pwani na mmoja wa bara, na lugha yetu ina neno moja la kale linaloiunganisha mikono hiyo miwili. Neno hilo ni wano. Wano ni mti wa mshale, ule ulio baina ya chembe na manyoya. Na wano pia ni mti wa chusa, silaha ya mvuvi wa samaki wakubwa. Mwindaji na mvuvi walitofautiana kwa mawindo yao, lakini wote wawili walihitaji mti mwembamba, mnyofu, mwepesi wa mkono na mgumu wa tabia.

Tarehe za vita na za biashara zimewataja sana wapiga mishale wa nchi hizi, zikakitaja chuma chao na sumu yao, ama mti haukutajwa ila kwa nadra. Jiwe hudumu, mfupa hukaa, chuma huliwa na kutu kikaacha alama yake ardhini. Bali mti huliwa na mchwa ukaisha, na kilichokwisha aghalabu husahauliwa. Ilhali kila ajuaye sanaa hii anajua ya kuwa chembe nzuri juu ya mti mbaya haifiki popote. Makusudio ya maandiko haya ni kuurudisha mti mahali pake, na kuonyesha jinsi elimu yake ilivyopatikana, ilivyotumika, na ilivyopungua.

Kabla ya chuma

Katika nchi ya Kilifi, kaskazini ya Mombasa, liko pango liitwalo Panga ya Saidi, na wachimbuzi wa mambo ya kale wamefunua humo tabaka juu ya tabaka za maisha ya wanadamu zirudizo nyuma takriban miaka 78,000, na miongoni mwake kaburi la mtoto mdogo aliyelazwa kwa ubavu kwa uangalifu mkubwa, ambalo habari zake zilitangazwa ulimwenguni mwaka wa 2021. Katika tabaka hizo yameonekana mageuzi yenye maana kwa habari yetu: tangu kiasi cha miaka 67,000 iliyopita, vyombo vya mawe vilianza kuwa vidogo kuliko vilivyokuwa. Kijiwe kidogo, kiwe cha kukata au cha kuchoma, hakina nguvu peke yake, maana hakishikiki vema mkononi. Kinataka mti wa kukibeba, na gundi au ukano wa kukifunga. Kwa hiyo kila jiwe lilipopungua ukubwa, mti uliongezeka daraja, na mwanadamu wa pwani hii akalazimika kuwa mjuzi wa vichaka kabla ya kuwa mjuzi wa madini.

Nyenzo za mtu yule hazikuwa tofauti na zilizopo leo. Ng'ambo ya mikoko kuna vichaka vya mrima, na ndani yake machipukizi ya kila namna. Na matete husimama kando ya mito. Tete ni nyofu kwa maumbile na jepesi, lakini hupasuka upesi. Chipukizi ni zito na hutaka kazi, lakini hudumu. Kuchagua baina ya wepesi usio na umri na uzito wenye taabu ndiko kulikokuwa mwanzo wa elimu yote iliyofuata.

Kuja kwa chuma, karne ya 3 hata ya 12

Mageuzi makubwa yalitokea huku kusini, Kwale. Katika miaka ya 1960 mchimbuzi Robert Soper alichimbua huko vyungu vya kale vya watu waliolima na kufua chuma, ambao zama zao zimekadiriwa kuwa karne ya 3 baada ya Nabii Isa. Na hata leo vyungu vya namna hiyo, popote vinapopatikana katika Afrika ya Mashariki, huitwa kwa jina la Kwale. Watu hao walileta mambo mawili kwa pamoja, na yote mawili yaliugusa mti wa mshale.

La kwanza ni chembe ya chuma. Chembe ya chuma ina msuka, yaani ule mkia mwembamba unaoingia ndani ya mti, na msuka ukiingizwa katika mti wenye nyuzi dhaifu huupasua siku ya kwanza unapogonga mfupa. Basi chuma kikataka mti mgumu, na manyoya nyuma ya kuusawazisha mwendo. La pili ni shoka na jembe. Mkulima alifyeka kichaka, akapanda miaka michache, kisha akaliacha konde lipumzike. Na visiki alivyoviacha vilichipuza vijiti vingi, virefu na vinyofu, vilivyoshindana kuutafuta mwanga. Kwa hivyo konde lililolala lilikuwa ghala ya mawano, ijapokuwa aliyelifyeka alikusudia mtama tu.

Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari hii kwa mara ya mwisho mwaka wa 916, ameeleza kwamba Wazanji, watu wa pwani hii, waliwinda ndovu kwa ajili ya pembe zilizopelekwa Omani, na kutoka huko zikaenda Bara Hindi na Uchina. Na Al-Idrisi, katika karne ya 12, amewataja watu wa Malindi na wa Mombasa kuwa wachimbaji wa chuma. Kwa maneno ya mabwana hawa wawili twaona ya kuwa mwindaji wa bara na mfuachuma wa pwani walikuwa wamekwisha kufungamana na soko la dunia, na kati yao palikuwa na mchonga mti ambaye hakuna msafiri aliyemwandika.

Elimu ya kuchagua na kuchonga

Hapa yafaa tusimame, kwa kuwa elimu hii ndiyo kiini cha habari, na haikubadilika sana tangu zama hizo hata siku za babu zetu.

Mti wa mshale hautolewi katika ubao uliopasuliwa ikiwa upo mzima. Chipukizi lina nyuzi zinazokwenda tangu shina hata ncha bila kukatika, ilhali ubao hukatwa nyuzi zake na msumeno, na mshale huvunjika pale pale zilipokatika. Katika mrima wa kusini mti utajwao aghalabu ni mkone, wa jamii ambayo wataalamu wa mimea huiita Grewia, wenye matawi marefu yanayonyumbuka yasivunjike. Na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, walio mbali nasi kwa nchi na kwa lugha, nao huchukua miti ya jamii hiyo kwa silaha zao. Achaguaye hutazama kijiti kinene kama kidole cha mwisho, kisicho na vifundo, kisichopungua unene upesi kuelekea nchani. Na urefu wake hufuata mwili wa mwenye upinde, kwa kuwa mkono mrefu huvuta mbali.

Wakati wa kukata ni kaskazi, jua linapokuwa kali na utomvu umepungua mtini, kabla ya mvua za masika kuupandisha tena. Vijiti havimenywi siku hiyo. Huachwa na maganda yao, vikafungwa pamoja kwa kukazwa ili kila kimoja kimzuie mwenziwe asipinde, kisha huwekwa kivulini au juu ya jiko, mahali ambapo joto ni la polepole na moshi huwafukuza bungua. Mwenye haraka akiviweka juani, hukauka nje na kubaki vibichi ndani, vikapasuka kwa urefu wake wote.

Baada ya wiki kadhaa maganda hutolewa, na hapo huja kazi ya kunyoosha. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Lakini mti umepewa neema zaidi ya samaki, kwa sababu hukubali kukunjwa mara mbili, mara ya kwanza ungali mbichi, na mara ya pili unapopashwa moto. Mchongaji huupaka mafuta kidogo, huupitisha juu ya makaa bila kuuunguza, huutazama kwa jicho moja kama atazamavyo seremala ukingo wa ubao, kisha huukunja upande wa pili wa kasoro yake kwa mikono, na pengine kwa meno, akaushika vivyo hivyo mpaka upoe. Kisha hukwangua kwa kisu, na mwisho husugua kwa majani ya msasa, ule mti wenye majani ya kukwaruza ambao jina lake tumelipa karatasi ya dukani ifanyayo kazi ile ile.

Lakini unyofu pekee hautoshi. Mshale unapoachwa na upote hauondoki umenyooka. Husukumwa nyuma kwa ghafla ukapinda, ukauzunguka ubavu wa upinde, kisha ukanyooka na kupinda tena mara kadhaa hewani hata ukatulia. Mti mlegevu mno kwa upinde wenye nguvu hupinda kupita kiasi ukaenda kombo, na mti mgumu mno kwa upinde dhaifu hukataa kupinda ukagonga ubavu. Kwa hiyo wano hupimwa kwa upinde wake: mchongaji huukunja kwa dole gumba, akasikia ukaidi wake, na mawano ya podo moja hutafutwa yawe na ukaidi mmoja. Huu ndio ustadi ambao haufundishwi kwa maneno. Mkono wa mzee huushika mkono wa kijana, na hiyo ndiyo darasa.

Yaliyobaki ni kukata mkato wa kupokea upote, kufunga manyoya kwa ukano na ulimbo, na kuingiza chembe. Ama kwa mshale wa sumu palikuwa na hila nyingine: chembe haikufungwa moja kwa moja katika wano, bali ilitiwa katika kijiti kifupi kilichochomekwa mbele ya wano bila kukazwa. Mnyama alipopigwa alikimbia na kijiti na chembe, na wano likaanguka chini likaokotwa. Waliosema ya kuwa mshale kwenda msituni haukupotea walikuwa na maana yao ya hekima, lakini kwa mchonga mti lilikuwa neno la kweli tupu.

Elimu hii si ya kaumu moja. Mwaka wa 1991, katika barafu ya mpaka wa Austria na Italia, ulipatikana mwili wa mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na podo yake ilikuwa na mawano 14 ya machipukizi, mawili tu yakiwa yamekamilika. Mwaka wa 1545 Mwingereza Roger Ascham alitunga kitabu juu ya upinde, akataja aina 15 za miti ya mshale, na kwa vita akausifu mti mzito kuliko mwepesi. Na mwaka huo huo ikazama jahazi ya vita ya Mary Rose, ambayo ilipoibuliwa mwaka wa 1982 ilikutwa na maelfu ya mishale, iliyo mingi ikiwa ya mti mwepesi. Barafu na matope ya bahari yaliwahifadhia wenzetu ushahidi wa mikono yao. Sisi mchwa hakutuhifadhia.

Na katika dini yetu mwenye kuchonga hakusahauliwa, maana imepokewa katika hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba kwa mshale mmoja hupata ujira watu watatu: aliyeutengeneza kwa nia ya kheri, aliyeurusha, na aliyemkabidhi mrushaji. Mtengenezaji ametajwa wa kwanza.

Zama za Wareno, 1498 hata 1698

Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498, na miaka saba baadaye Francisco d'Almeida aliuvamia mji na kuuteketeza. Wareno walioandika habari za vita hivyo vya 1505 wameitaja mishale ya sumu iliyowapokea katika njia nyembamba za mji, na wapiga mishale waliotoka bara kuja kuwasaidia wenye mji. Bunduki za zama hizo zilikuwa nzito na za polepole, na mvua ikinyesha utambi wake huzimika. Mpiga mishale hakuhitaji ila mkono mkavu.

Watu wa bara ya Mombasa, wazee wa Wamijikenda wa leo, Wareno waliwaita Wamusungulo, wakawaogopa kwa upinde wao, wakawapa nguo ili wakae kwa amani. Mwaka wa 1589 Wasegeju, ambao kizazi chao kimekaa hata leo pande za Shimoni na Vanga, waliinusuru Malindi kwa kuwavunja Wazimba waliokuja kuivamia. Na mwaka wa 1614 Sultani Hasan bin Ahmad wa Mombasa, aliyekimbilia bara baada ya kuhitilafiana na Wareno, aliuawa na Wamusungulo kwa fedha za maadui zake. Kusini, Madiwani wa Vumba Kuu, karibu na Vanga, nao walikaa kwa mapatano na watu wa bara, Wadigo na Wasegeju. Natija yake ni kwamba hakuna mji wa pwani ulioweza kutawala bila kujali walio na vichaka nyuma yake, na nguvu ya wenye vichaka ilitoka katika vichaka vyenyewe: mti, ukano, na sumu. Ngome ya Mombasa ilipoanguka mikononi mwa Waomani Desemba 1698, mizinga ilibadili wenyewe, lakini mpango wa bara ulibaki vile vile.

Pembe, sumu na gobori, karne ya 19

Katika karne ya 19, Sayyid Said alipohamishia makao yake Unguja, pembe za ndovu zilitakiwa Ulaya na Marekani kwa vinanda na vitana, na mwindaji wa bara akaongezewa kazi. Sumu yake ilitoka katika msunguti, ambao vijiti vyake huchemshwa hata maji yakawa mazito na meusi kama lami. Ikapakwa chembeni na kufungwa kwa ngozi nyembamba isikauke. Nguvu yake ni juu ya moyo. Mwaka wa 1888 Mfaransa Arnaud aliitoa dutu yake safi, ikaitwa wabaini kwa neno la Kisomali, na matabibu wa Ulaya wakaitumia kwa wagonjwa wa moyo. Sumu ikaingia vitabuni, na mti uliokuwa ukiichukua haukuingia.

Pamoja na meli za pembe zikaja bunduki. Magobori yaliuzwa kwa maelfu, na mkubwa aliyetaka wafuasi aliwapa baruti. Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gasi, aliyepigana na Waingereza, alikuwa na jeshi la bunduki. Boma lake la Mwele lilitwaliwa Agosti 1895, na Aprili 1896 akavuka mpaka akajisalimisha kwa Wadachi, akafia Dar es Salaam mwaka wa 1910. Tangu hapo upinde wa kusini ulitoka katika siasa, ukabaki katika chakula na ulinzi wa konde.

Sheria na miwa, 1900 hata 1977

Mwaka wa 1900 mataifa ya Ulaya yalikutana London kwa ajili ya wanyama wa Afrika, na kanuni za uwindaji zikafuata katika himaya: mwenye bunduki na fedha akapewa ruhusa ya karatasi, na mwenye upinde akawa mwivi wa nyama aliyokula baba yake. Wagiriama waliposhika mishale mwaka wa 1914 dhidi ya bunduki za KAR, askari wa kikoloni, Kaya Fungo, makao yao matakatifu ya msituni, ikalipuliwa kwa baruti, na makonde yao yakachukuliwa. Baadaye ikaja mbuga ya Tsavo mwaka wa 1948, na msako mkubwa wa miaka ya 1956 na 1957 uliowakamata Wawaata, mabingwa wa upinde mzito kuliko wote wa nchi hii, wakafungwa magerezani. Mwisho, Mei 1977, serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote. Ndovu walikuwa wakimalizika, na marufuku ilikuwa na haki yake. Lakini pamoja na dhambi ya pembe ilizikwa elimu ya mti, ambayo haikumwua ndovu yeyote kwa tamaa.

Sheria iliuondoa mshale mkononi. Kilichouondoa mti ardhini ni kingine. Tangu 1927 kiwanda cha sukari cha Ramisi kilitandaza miwa katika nchi iliyo jirani ya Majoreni, na ijapokuwa kilifungwa mwaka wa 1988, miwa ilirudi tena katika karne hii. Shamba la miwa halilali, na kiwanja chenye hati na ua hakiachwi kiwe kichaka. Penye konde lisilopumzika hakuna kisiki kinachochipuza, na pasipo machipukizi hata ajuaye kuchonga hana cha kuchonga.

Tangu 1977 hata leo

Mwaka wa 2008 misitu ya kaya iliandikwa katika urithi wa dunia, na Kaya Kinondo ya Wadigo imo. Ndani ya kaya haramu kukata hata ufito, na kwa haramu hiyo miti ya mrima imepona isiangamie. Bali wano halikutoka kamwe katika kitovu cha kaya, lilitoka kandoni, katika vichaka vya mtu na kisiki chake. Sehemu hiyo ya kando, isiyo takatifu wala si shamba, ndiyo isiyo na mlinzi.

Mwaka wa 2016 Shehzana Anwar aliishika bendera ya Kenya katika michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, na mchezo wake ulikuwa upinde. Mishale ya mchezo huo ni ya kaboni na alumini, na kila mmoja umeandikwa namba ya ukaidi wake, iliyopatikana kwa kutundika uzito katikati ya mti na kupima ulivyoshuka. Namba hiyo ni dole gumba la mzee, lililoandikwa. Elimu ile basi haikuwa ya ujinga wala ya ushenzi, na kijana wa Majoreni anayejifungia upinde wa ufito na mishale ya chelewa amesimama mlangoni pake, ijapokuwa hakuna aliyemwambia.

Kumwambia hakuhitaji silaha wala kuvunja sheria. Kunahitaji mzee mmoja, kisu kimoja, makaa machache, na pembe ya shamba iachwe ilale misimu michache. Mkone uliokatwa kaskazi hauliliwi. Kisiki chake, masika yakinyesha, hutoa vijiti vipya, navyo humea vimenyooka.